Mwana, Masika na Mji

Sisi wa visiwani hatuna majira manne kama wenzetu wa kaskazini ya dunia, wala hatuijui ile baridi inayowafanya waingojee miti ichipue kama mtu anayemngojea msafiri. Majira yetu huja na pepo. Kaskazi hutuletea jua kali la Januari, kusi hutuletea ubaridi wa kipupwe, na baina ya pepo hizo mbili kuna kile kipindi cha tanga mbili, ambapo bahari hujilaza, mawingu hukusanyika, na masika hutua. Mtu akiniuliza kuchipua kwetu ni lini, humjibu kuwa ni Machi, Aprili na Mei. Ndiyo miezi ambayo mpunga hujaza mabonde, kuta za kale huota majani membamba kwenye nyufa zake, na mawe ya Mji Mkongwe hutoka jasho mfano wa mtu mwenye homa.

Washairi wetu wameyasifu sana majira haya, nami sina la kuongeza katika sifa. Nataka kusimulia masika mamoja tu, yale yaliyopita, ambayo yalimkuta binti yangu ana miezi saba na kumwacha ana miezi kumi. Kwa umri huo, miezi mitatu ni sawa na karne. Mtoto aliyeingia masika akiwa anaegemezwa mito ili asianguke, alitoka masika akiwa anasimama. Katika muda huo huo, mimi mama yake nilijifunza mambo ya mji huu ambayo miaka kumi na miwili ya kusomesha historia skuli haikunifunza.

Kwa wazee wetu neno tarehe lilibeba maana mbili: siku ya mwezi, na habari za kale zenyewe. Mtu aliyejua tarehe alikuwa mtu aliyejua ya waliotangulia. Mimi nina daftari moja kubwa la kurasa mia mbili. Upande wa mbele huandika ninayoyakusanya kuhusu mji: majina ya mitaa, habari za nyumba, maneno ya wazee. Binti yangu alipozaliwa, mwezi wa Agosti, nililigeuza daftari na kuanza kuandika yake kutoka nyuma: siku aliyonyolewa nywele na kufanyiwa akika, siku ya arubaini tulipotoka naye nje, siku aliyocheka kwa sauti. Sikuwaza wakati ule kwamba maandishi hayo mawili yangekuja kukutana katikati.

Nyumba tuliyokuwa tukikaa ipo Sokomuhogo. Ni ya urithi, upande wa bibi mzaa mama. Imejengwa kama zilivyojengwa nyingi za zama zake: kuta nene za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo, dari za boriti za mikoko, vyumba virefu na vyembamba. Wageni huuliza kwa nini vyumba vyetu ni vyembamba hivyo, wakidhani ni desturi ya kujificha. Jawabu ni nyepesi: upana wa chumba ni urefu wa boriti, na boriti haiwi ndefu kuliko mti ulioizaa. Mikoko ya Rufiji na ya Lamu ndiyo iliyoamua watu wa Unguja walale vipi.

Katika wiki ya kwanza ya Machi, kabla mvua haijashika, binti yangu alikaa kitako peke yake. Nilimweka juu ya mkeka, nikaondoa mito mmoja mmoja, naye akabaki wima, mikono yote miwili imeshika chini. Kisha akaanza kuipiga sakafu kwa viganja, kwa mpigo mmoja usiokatika, huku akijiimbia. Mume wangu alicheka, lakini mimi nilikumbuka jambo. Sakafu za nyumba hizi hazikumwagwa tu zikaachwa zikauke. Chokaa na kokoto zilitandazwa juu ya boriti, kisha watu wakajipanga safu, kila mmoja na kipande chake cha mti, wakaipiga kwa siku kadhaa wakiimba ili mikono iende pamoja, mpaka ikawa ngumu isiyopitisha maji. Hakuna aliyeandika majina ya watu wale. Wengi wao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, na nyumba waliyoipiga sakafu ikaitwa kwa jina la mwenye mali. Nilimtazama mwanangu akipiga palepale, nikageuza daftari upande wa mbele nikaandika: waliopiga sakafu hii hawajulikani. Halafu nikaligeuza tena nikaandika tarehe aliyokaa.

Mvua zilishika kwa nguvu kabla Machi haijaisha. Anayekaa Mji Mkongwe anajua hali ilivyo: vichochoro hugeuka mito midogo, na watu hupita juu ya mabaraza, mkono mmoja ukutani, kanga au suruali imekunjwa magotini. Mabaraza yetu husifiwa kwa mazungumzo na bao, lakini siku ya mvua utaona yana kazi nyingine, ya kuwa njia juu ya njia. Ndani ya nyumba maji hayakosi pa kupitia. Ukuta wa chumba tulichokuwa tukilala ulianza kuonyesha ramani za unyevu, na plasta ikamenyeka vipande vipande.

Mwezi wa Aprili, tarehe 13, mtoto alitambaa. Alikuwa akisota kinyumenyume siku nyingi, akikasirika kwamba kila anachokitaka kinakwenda mbali naye, mara akagundua magoti. Safari yake ya kwanza ilikuwa ya kwenda kwenye ule ukuta uliomenyeka. Pale plasta ilipoanguka, mawe yalikuwa wazi, na kwenye mawe mlikuwa na zile alama zinazofanana na maua na nyota ndogo, ambazo ndizo miili ya matumbawe ilivyokuwa baharini. Alitia kidole katika kila tundu. Nimeishi na ukuta ule tangu nikiwa mdogo, nami nilikuwa nikiuona ukiwa mweupe na laini. Yeye ndiye aliyenionyesha kuwa tunalala ndani ya bahari iliyokatwa mawe.

Siku mbili baadaye ilikuwa tarehe 15 Aprili, ambayo kila mwaka huisimulia darasani. Siku hiyo mwaka 1872, katika masika kama haya, kimbunga kiliipiga Unguja. Visiwa vyetu havimo katika njia ya kawaida ya vimbunga, na watu hawakuwa wamejiandaa. Merikebu za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini ziliangamia, majahazi yakavunjika ufukweni, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja ikang'olewa. Pemba ilinusurika. Kwa tofauti hiyo ya mwendo mfupi wa bahari, Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu, na watu wakahama kuzifuata. Wakubwa zangu upande wa baba walikwenda Pemba katika uhamaji huo, na familia yangu imegawika visiwa viwili mpaka leo.

Nilipokuwa nikisimulia habari hiyo miaka iliyopita, nilihesabu merikebu na miti. Mwaka huu, nikiwa na mtoto aliyetambaa juzi, nilijiuliza swali jingine: wangapi walikuwa na watoto wa miezi minane usiku ule, na waliwaweka wapi paa liliporuka? Vitabu vinavyoeleza kimbunga vilitokana na barua za makonsuli na hesabu za wafanyabiashara. Konsuli huhesabu kinachouzwa. Mtoto anayetambaa hauzwi wala hatozwi ushuru, hivyo hamo katika hesabu. Wanafunzi wangu walinyamaza nilipowauliza hivyo, kisha msichana mmoja akasema: “Mwalimu, lakini sisi tupo. Basi kuna waliowashika.” Sijapata kusikia ushahidi wa kihistoria ulio bora kuliko huo.

Aprili haikuisha bila ya jino. Hapa lazima nieleze jambo ambalo vijana wengi wa leo hawalijui. Mama mkwe wangu, ambaye anakaa Ng'ambo, alikuwa akija kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, naye kila akija alimpakata mjukuu, akamchekesha, na katika kicheko hicho akapitisha kidole kwenye ufizi. Nilidhani ni mapenzi tu. Siku jino lilipochomoza, upande wa chini, alishusha pumzi na kusema, “Alhamdulillahi, limekuja mahali pake.” Ndipo nilipofahamu alichokuwa akikitafuta. Zamani, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, na iliaminiwa kuwa ataleta nuksi kwa wazazi wake. Vitabu vya lugha yetu vilivyoandikwa hapa Unguja katika karne ya 19 vimelisajili neno hilo, na vimeeleza pia kwamba wako waliowaua watoto wa aina hiyo.

Nilimuuliza mama mkwe kama yeye mwenyewe anaamini. Alinitazama kwa muda.

“Mwanangu,” akanambia, “mimi siamini. Lakini kidole changu kilifunzwa na bibi yangu, na bibi yangu kilimfunza chake.”

Usiku ule niliandika neno kigego, nikaliacha peke yake katika ukurasa. Hakuna jiwe la kaburi lililoandikwa kwa ajili yao, hakuna mtaa ulioitwa kwa jina lao. Kilichobaki ni neno moja katika kamusi na kidole cha bibi kinachopita juu ya ufizi. Twapenda kusema kwamba historia ya pwani yetu ni ya misikiti, milango ya nakshi na tungo za vina na mizani, nayo ni kweli. Lakini hiyo nayo ni historia ya pwani yetu, na mwanangu alikuwa ameipita kwa upana wa ufizi mmoja.

Sasa nifike kwenye jambo lililotutia dhiki. Mwishoni mwa Aprili mtoto alianza kukohoa. Kikohozi kilikuja usiku, kikapoa mchana tukiwa barazani, kikarudi usiku. Tulikwenda kwa daktari mara mbili. Mara ya kwanza alitupa dawa. Mara ya pili aliniuliza tunakaa wapi, chumba kikoje, ukuta ukoje. Nilipomweleza, akasema dawa itatuliza kifua, lakini ukuta utakirudisha kikohozi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo nadhani ilitungwa na mtu mwenye nyumba yake peke yake. Nyumba yetu ina warithi 19. Wako walioko Maskati, wako Dar es Salaam na Mombasa, wako Uingereza, na wawili hatujui walipo. Kila mmoja anaipenda nyumba kwa kumbukumbu zake, na hakuna anayeweza kuitengeneza bila ya idhini ya wengine. Hivi ndivyo nyumba nyingi za Mji Mkongwe zinavyokufa. Mvua humalizia tu kazi iliyoanzwa na mgawanyiko. Nasi tuliona wote, tarehe 25 Disemba 2020, jinsi sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib ilivyoporomoka mchana, jumba lililojengwa mwaka 1883 na kusimama mbele ya bahari kwa vizazi. Ikiwa jumba la Sultani linaanguka, nyumba ya Sokomuhogo itashikwa na nani?

Nilimwita fundi wa chokaa, mzee ambaye mikono yake imekuwa myeupe kwenye mistari. Aliugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea, akagonga tena, kama daktari alivyofanya kwenye kifua cha mwanangu wiki ile ile. Akaniuliza nani aliyeupaka saruji upande wa nje. Nikamwambia ni mjomba wangu, zamani, kwa nia njema, ili nyumba iwe imara.

“Saruji imeuziba ukuta pumzi,” alisema. “Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji ya mvua, na jua likitoka huyatema. Ukiupaka saruji, unakunywa kwa juu na kwa chini, lakini hauna pa kutemea. Basi unatemea ndani.”

Dawa yake, alisema, ni kubandua saruji yote, kuuacha ukuta ukauke kaskazi nzima, kisha kuupaka chokaa iliyolowekwa vya kutosha. Kaskazi ilikuwa mbali miezi minane, na mtoto anakohoa leo.

Mimi na mume wangu tulizungumza usiku mwingi. Yeye hakunishurutisha. Alijua nyumba ile ni nini kwangu: bibi yangu alizaliwa humo, mama yangu alizaliwa humo, na mimi ndiye wa mwisho wa ukoo aliyebaki ndani. Nikitoka, mlango utafungwa. Kila mtu wa mjini anajua kwamba nyumba iliyofungwa hufa upesi, kwani hakuna wa kuweka ndoo chini ya tone la kwanza. Nilikuwa nimekusanya kurasa tisini za habari za nyumba ile na mtaa wake. Nilihisi kama mlinzi anayeombwa kuacha lindo wakati adui anaingia.

Mama mkwe ndiye aliyelikata shauri, Ijumaa moja, mtoto akikohoa mapajani mwake.

“Nyumba ni ya waliokufa, Mungu awarehemu,” alisema. “Kifua ni cha aliye hai. Njooni kwangu.”

Tulihama katikati ya Mei, katika siku moja ambayo mvua ilipumzika. Hamali alitangulia na mkokoteni, mimi nikafuata na mtoto mgongoni, kanga imekazwa. Tulipita Darajani. Kila siku maelfu ya watu hupita Darajani wakinunua samaki na viatu, na wachache huuliza daraja liko wapi. Daraja lilikuwepo kwa sababu maji yalikuwepo. Hori la bahari liliingia nyuma ya mji na kuutenga na bara ya kisiwa, hata Mji Mkongwe ukawa karibu kisiwa juu ya kisiwa. Maji yalipojaa watu walipita kwa daraja au kwa mtumbwi, na yalipokupwa walipita kwenye matope. Upande wa pili uliitwa Ng'ambo, kwa sababu ndivyo ulivyokuwa: ng'ambo ya maji. Hori likafukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na juu yake ikapita barabara, ambayo wengi bado huiita Creek Road ingawa jina lake ni la Rais Benjamin Mkapa. Majina yaliyabakisha maji baada ya maji kwenda. Na siku ya mvua kubwa, atakayesimama pale ataona madimbwi yanavyojipanga, kana kwamba hori linajaribu kukumbuka lilikolala.

Nimesomesha habari za Ng'ambo miaka mingi, nami nilikuwa nikizisomesha nikiwa upande wa huku. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Ng'ambo haikuwa ndani ya orodha ile, na bila ya kukusudia watu hufikiri kuwa urithi unaishia barabarani. Ukweli ni kwamba wengi wa waliojenga, waliopika, waliobeba na waliolea katika nyumba za mawe walirudi jioni kulala katika nyumba za miti na udongo za Ng'ambo. Huko ndiko wapangaji walikogoma kulipa kodi ya viwanja mwaka 1928. Huko ndiko alikotamba Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba aliyeingia mjini mwaka 1911, ambaye sauti yake ilisafiri mpaka Bombay kurekodiwa katika santuri mwaka huo huo wa mgomo. Waliopiga sakafu zetu, ikiwa majina yao yako popote, yako katika midomo ya wajukuu wao wa Ng'ambo.

Nyumba ya mama mkwe ni ya matofali na mabati, ipo Vikokotoni. Haina nakshi wala boriti. Mvua ikinyesha juu ya bati hamsikilizani, na asubuhi ukuta ni mkavu. Kwa usiku wa tano mtoto alilala mpaka alfajiri bila ya kukohoa. Mimi ndiye niliyekesha, nikisikiliza.

Mwisho wa Mei alikuwa ameshatimiza miezi tisa, umri wa chanjo ya surua. Nilikwenda naye kliniki asubuhi, kadi yake mkononi, tukapita Kisiwandui. Jina hilo limeandikwa kwenye vibao na kwenye mdomo wa kila dereva wa daladala, na ni mara chache mtu kulisikiliza. Ni maneno mawili: kisiwa, na ndui. Wazee husimulia kuwa wagonjwa wa ndui walitengwa hapo zama za hori. Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980, na leo kuna watu wazima waliozaliwa, wakaoa na kupata wajukuu bila ya kumwona mgonjwa wake hata mmoja. Foleni ya kliniki ilikuwa ndefu. Kina mama tulisogea benchi kwa benchi, watoto wakitazamana. Binti yangu alipodungwa alilia kwa hasira zaidi kuliko maumivu, na muuguzi akaandika tarehe katika kadi. Nilitamani kumwambia muuguzi yule kwamba yeye ni mwandishi wa tarehe, tena bora kuliko makonsuli, kwa sababu anawaandika watoto.

Jioni ile nilipofungua daftari niliona kuwa kurasa za mbele na za nyuma zimebakiza jani moja tu baina yao. Niliandika mambo yote mawili katika jani hilo: jina la Kisiwandui na maana yake, na tarehe ya chanjo. Tangu hapo sikuweza kuyatenga tena, nami nikanunua daftari jipya lenye mwanzo mmoja.

Neno lake la kwanza lilikuja katika siku hizo hizo, na limeleta mzozo usiokwisha. Alisema “ma”. Mimi nasema aliniita. Bibi yake anasema aliomba maji, kwa kuwa kikombe kilikuwa mkononi mwake. Nimeandika kauli zote mbili, kama inavyompasa mwanahistoria mwenye vyanzo viwili vinavyopingana na wote wawili wenye masilahi.

Hatimaye, tarehe 9 Juni, mvua zimekatika na kusi imeshika, alisimama dede. Lugha yetu ina ukarimu gani hata ikampa mtoto neno lake peke yake kwa kusimama huko kwa mara ya kwanza, kunakodumu pumzi tatu! Alikuwa barazani, ameshika ukuta wa nyumba ya bibi yake, akaachia mkono mmoja, akaachia wa pili. Wanawake wa mtaa waliokuwa wakichambua mchele waliacha ungo, wakaanza kupiga makofi taratibu, “dede, dede, dede,” na baadhi yao walikuwa wameimbiwa hivyo hivyo juu ya udongo huo huo. Kisha akaanguka kitako na kucheka. Pembeni ya ukurasa wa siku hiyo niliandika ubeti mmoja, ambao nauweka hapa si kwa kushindana na mafundi wa jarida hili, ila kwa kuwa ulikuja wenyewe:

Maji yajua njiaye, mkondo ulipopita,
Na mtoto atambaye, ukuta akiufata,
Dede husimama yeye, pasi mtu kumvuta,
Nchi humwita ajaye, kabla jina kulipata.

Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate alimtungia binti yake utendi mwaka 1858, hali yeye mwenyewe ni mgonjwa, kwa kuhofia kuondoka bila ya kumwachia neno. Sisi wengine hatuna kipaji hicho. Lakini kila mwenye mtoto ana kalamu, na kila mtaa una wazee. Nawaomba wasomaji wa visiwa vyote, wa Unguja na Pemba, wa Lamu na Pate, wa Mafia, wa Ngazija: mnapoandika siku mtoto alipokaa, alipotambaa na aliposimama, andikeni na mahali. Andikeni mtaa, na mtaa uliitwaje zamani, na nani aliyekuwa akipiga makofi. Waulizeni mabibi walichokuwa wakikitafuta vidole vyao. Watoto wetu hawataingia katika hesabu za makonsuli, na pengine ni heri.

Ama nyumba ya Sokomuhogo, bado imesimama. Warithi 11 kati ya 19 wameandika kuwa wako radhi saruji ibanduliwe. Wanane bado. Ijumaa asubuhi, bibi yake anapokuwa na mtoto, mimi huvuka Darajani na ufunguo, nikafungua madirisha yote ili upepo wa kusi upite, nikakaa humo kama saa moja, nikafunga, nikarudi Ng'ambo kabla ya adhana.